Safu Iliyonyooka Msikitini Ifike na Kazini

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mara tano kwa siku twapanga safu bega kwa bega, na imamu hatukosi kumsikia akituamrisha kuziba mapengo. Lakini baada ya Alfajiri, tufikapo ofisini, karakanani, shuleni na zahanatini, safu hiyo haionekani. Fundi mkongwe humficha kijana ujuzi asije akampiku. Muuguzi anayemaliza zamu huondoka bila kumweleza mwenzake hali za wagonjwa. Mkuu huitisha kikao cha ushauri ilhali uamuzi ameshaupitisha. Kisha twalalamika kuwa kazi haiendi!

Tuitazame kazi iliyofanywa Madina mwaka wa 5 Hijiria (627). Makuraishi na washirika wao walipokuwa wakiujia mji, Mtume (s.a.w.) alitaka ushauri. Rai iliyofuatwa ilikuwa ya Salman Mfursi (r.a.), mgeni kutoka Uajemi aliyekuwa ametoka utumwani karibuni: lichimbwe handaki, mbinu ambayo Waarabu hawakuizoea vitani. Wanahistoria wasimulia kwamba kila watu kumi walikabidhiwa dhiraa arubaini. Mtume mwenyewe alibeba udongo hata vumbi likamfunika tumboni. Adui alipofika, alilikuta handaki tayari.

Hapa mna mafunzo matatu. Kwanza, rai hupimwa kwa manufaa yake, si kwa cheo wala ukoo wa aliyeitoa. Pili, kila kundi lipewe kipande chake linachokijua, ili pasiwe na wa kutega nyuma ya migongo ya wengi. Tatu, kiongozi ashiriki taabu anayowaamuru wenziwe.

Wapo watakaosema: je, Nabii Musa (a.s.) hakumwomba Mola ampe nduguye awe msaidizi? Naam, alimwomba. Lakini sababu yake imo katika Sura Al-Qasas, aya ya 34: Harun alikuwa fasaha wa ulimi kumshinda yeye. Musa aliujua upungufu wake, akamtaka wa kuuziba. Anayejaza ofisi jamaa zake wasioijua kazi hana hoja katika kisa hicho. Tena katika sura hiyo hiyo, aya ya 26, mwajiriwa bora ametajwa kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Undugu haumo.

Wala ushirikiano huu haukomei kwa Waislamu wenzetu. Katika Hijra ya mwaka 622, Mtume (s.a.w.) alimkodi Abdullah bin Uraiqit awe kiongozi wa njia. Hakuwa Mwislamu, lakini aliijua njia na aliaminika. Basi vipi sisi tumdharau mwenzetu kazini kwa sababu ya dini yake au kabila lake?

Kwa hiyo twausiana: mwenye ujuzi aufundishe, mwenye zamu aikabidhi kwa ukamilifu, na mwenye madaraka asikilize kabla ya kuamua. Mshahara tunaoupokea ni malipo ya kazi, na kazi ni amana tutakayoulizwa. Anayeikwamisha kwa husuda au upendeleo hamdhulumu mwajiri peke yake; amdhulumu pia mgonjwa, mwanafunzi na mteja wanaoitegemea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu kama anavyoziunganisha safu zetu. Amin.