Picha ya mishipa ya kichwani bila sindano ya dawa

Mzazi wa Tukuyu akiambiwa mtoto wake mwenye selimundu apelekwe Mbeya kupigwa MRI ya mishipa ya damu kichwani, usingizi humruka. Atachomwa sindano? Hiyo dawa haitamwumiza figo? Na mionzi je?

Tuanze na mionzi, maana hilo ni jepesi: MRI haina mionzi kama ya eksirei au CT scan. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Kuhusu dawa, kwa mishipa ya kichwani mara nyingi haihitajiki kabisa.

Dawa inayozungumzwa ni ya kung'arisha picha, na imetengenezwa kwa madini ya gadolini. Kwa watu wengi haileti shida, ila kwa mgonjwa ambaye figo zake zimechoka sana, aina fulani za dawa hiyo zimewahi kusababisha ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa. Mwaka 2017 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilitoa tahadhari baada ya kubainika kuwa chembe zake hubaki mwilini, hata kwenye ubongo, ingawa madhara ya mabaki hayo kwenye ubongo hayajathibitishwa. Selimundu nayo hushambulia figo, kwa hiyo swali la mzazi si la woga tu.

Sasa picha inapatikanaje bila dawa? Fikiria stendi ya Tukuyu. Waliokaa pale tangu asubuhi wamezoea kelele za makondakta, hawageuki tena. Mgeni aliyeshuka sasa hivi ndiye anayegeuka. Mashine hupiga mawimbi mfululizo kwenye sehemu moja ya kichwa mpaka nyama iliyotulia pale inachoka kujibu. Damu inayoingia wakati huo bado haijapigwa, hivyo inajibu kwa nguvu na kuonekana nyeupe. Mishipa inajichora kwa damu yake yenyewe.

Njia hiyo ina kasoro yake. Damu ikienda polepole au ikizunguka kwenye kona, mshipa unaweza kuonekana mwembamba kuliko ulivyo. Ndiyo maana picha husomwa na daktari bingwa wa radiolojia, si kwa kutazama simu ya jirani. Tena akishuku uvimbe au maambukizi, anaweza kuomba dawa, na hapo itakuwa na sababu.

Kwa nini mishipa ya mtoto wa selimundu? Kwa sababu ugonjwa huu huibana mishipa mikubwa ya ubongo na kuleta kiharusi utotoni. Kwa kawaida kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya kichwa inayopima kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ni kubwa na mtoto huhitaji kinga, kama kuongezewa damu kila mara au haidroksiyurea. Mwaka 2019 jarida la Stroke lilichapisha utafiti wa watoto 200 wa Tanzania wenye selimundu. Kati ya 67 ambao kasi ya damu yao haikuwa ya kawaida, 49 walipigwa MRI, na asilimia 43 walikutwa na sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu. Picha za mishipa zilikuwa 48. Nusu yake zilikuwa na kasoro.

Safari ya Mbeya ni ya kupitia Kiwira na Uyole, kwa hiyo inafaa kuuliza mapema. Je, altrasaundi imeshafanyika? Dawa itatumika, na kama ndiyo, figo zimepimwa? Bima inalipia? Mtoto mdogo asiyeweza kutulia atapewa dawa ya usingizi? Hili la mwisho lina uzito, kwani mtoto atakayelazwa usingizi huambiwa asile wala kunywa, na mtoto wa selimundu akikaukiwa maji anaweza kupata maumivu makali. Wahudumu waambiwe wazi ana selimundu, ili wapange muda au wamtundikie dripu.

Chumba cha MRI huwa na baridi. Watu wa Rungwe wanaijua baridi, lakini kwa mtoto huyu si ya kuzoea: avae soksi na fulana nzito isiyo na zipu. Hereni, vibanio vya nywele, cheni na hirizi yenye chuma vibaki nje. Mashine hugonga kama nyundo juu ya bati. Masikio yatazibwa, na kwa kawaida mzazi asiye na chuma mwilini anaweza kuruhusiwa kukaa karibu naye.

Ila mkono mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande au maneno yakigoma kutoka, tarehe ya MRI isisubiriwe. Mtoto apelekwe hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.