Kabla Mtoto Hajaenda Kucheza kwa Jirani

San Antonio, Texas

Ndugu zangu wa Mombasa,

Kila risasi zinapolia katika shule ya huku, simu yangu hujaa ujumbe wenu: "Watoto wazima? Si mrudi nyumbani?" Nashukuru, anayekuuliza hali anakujali. Leo nawajibu wote kwa pamoja, hasa wewe Mama mdogo unayejiandaa kuja kutulelea wajukuu.

Uvalde iko magharibi mwa mji wetu, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari, na baadhi ya majeruhi waliletwa kutibiwa huku kwetu. Tarehe 24 Mei 2022, zikiwa zimebaki siku mbili shule zifungwe, kijana wa miaka 18 aliingia Shule ya Msingi ya Robb akaua watoto 19 na walimu wawili. Bunduki hakuiiba, wala hakuipata kwa magendo. Aliinunua kihalali, siku chache tu baada ya kutimiza umri huo. Angetaka bia, sheria ingemwambia asubiri mpaka afike miaka 21.

Kinachonikata maini mpaka leo ni askari. Walifika 376 kutoka vikosi mbalimbali, na zikapita dakika 77 tangu wa kwanza kuingia shuleni hadi muuaji kuuawa. Ndani ya darasa watoto walikuwa wakipiga simu ya dharura kwa sauti ya chini. Nje wazazi waliwasihi askari waingie au wawaachie wao waingie, na wapo waliotiwa pingu kwa kusihi huko. Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza na mwaka 2024 ikasema wazi kwamba polisi walishindwa kazi. Wawili kati yao wakafunguliwa mashtaka mwaka huohuo. Wawili, kati ya 376!

Mnaponiambia nirudi, kumbukeni Garissa, 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa pale chuo kikuu, na kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kuchelewa kwa wenye silaha za serikali tunakujua pande zote mbili za bahari. Tofauti ni kwamba Garissa ilivamiwa na al-Shabaab, kundi linalojitangaza kuwa adui. Muuaji wa Uvalde alikuwa kijana wa mji uleule, aliyewahi kusoma katika shule ileile.

Sheria nayo imesogea kwa hatua za kinyonga. Mwezi mmoja baada ya Uvalde, serikali kuu ilikaza uchunguzi kwa wanunuzi wa bunduki walio chini ya miaka 21. Hapa Texas, wazazi waliofiwa walifunga safari za mara kwa mara hadi bunge la jimbo, Austin, kuomba umri wa kununua bunduki za aina aliyotumia muuaji wa Uvalde upandishwe. Mwaka 2023 muswada ulipita kwenye kamati, kisha ukafia humohumo bungeni bila kupigiwa kura na wabunge wote.

Kwa hiyo wazazi tumebaki na kazi ambayo sikulelewa kuifanya. Santa Fe, jimbo hilihili, mwaka 2018 mwanafunzi wa miaka 17 aliua watu 10 kwa silaha za baba yake. Oxford, jimbo la Michigan, mwaka 2021 kijana wa miaka 15 aliua wenzake wanne kwa bastola aliyonunuliwa na baba. Mwaka 2024 baba na mama wakahukumiwa kifungo. Silaha ilitoka nyumbani, kabatini, kwa watu waliokuwa na majirani kama sisi.

Nyinyi mnajua adabu zetu: mgeni hamkagui mwenyeji. Unakaribishwa, unakaa, unakula ulichopewa, unashukuru. Hapa, kabla binti yangu hajaenda kucheza kwa mwenziwe, namwandikia mzazi wake: je, mna bunduki nyumbani, na imefungiwa wapi? Mara ya kwanza mke wangu aliona haya kwa niaba yangu. Mzazi mmoja alinijibu kwa picha ya sanduku lake la chuma na kufuli. Mwingine alininunia, na binti yangu hakwenda. Wallahi, sijutii.

Mama mdogo, ukija utawapeleka wewe wajukuu wakati sisi tuko kazini. Tafadhali uliza kabla hujamwacha mtoto mlangoni, na ukijibiwa kwa hasira, rudi naye nyumbani, useme mimi ndiye niliyekutuma.

Na ile video ya korido ya shule ya Uvalde inayozungushwa kwenye kundi la ukoo, ifuteni. Wazazi waliofiwa waliumia ilipotolewa hadharani kabla hawajaoneshwa wao, na watoto wetu hushika simu zetu.

Wasalaam,
Ndugu yenu