Feri ya makaa ya mawe: Jinsi sheria kali ilivyookoa turathi

SS BADGER, meli inayovuka Ziwa Michigan nchini Marekani, ndiyo feri ya mwisho ya abiria nchini humo ambayo ingali inaendeshwa kwa mvuke wa makaa ya mawe. Kwa miaka kadhaa hatima yake ilizua mvutano mkali baina ya waliotaka ihifadhiwe kama turathi na waliotaka ikome kulichafua ziwa. Jinsi mvutano huo ulivyotatuliwa ni funzo kwa wanaodhani kwamba historia na mazingira ni fahali wawili wasioweza kukaa zizi moja.

Meli hiyo iliundwa katika mji wa Sturgeon Bay, jimbo la Wisconsin, mnamo 1952 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Kazi yake ya awali ilikuwa kuvusha mabehewa ya kampuni ya reli ya Chesapeake and Ohio ili yasilazimike kulizunguka ziwa kupitia Chicago. Biashara hiyo ilididimia na safari zikasitishwa 1990. Mfanyabiashara wa mji wa Ludington, Charles Conrad, aliinunua na kuirejesha majini 1992, safari hii ikibeba magari na watalii.

Leo hii feri hiyo yenye urefu wa mita 125 inaweza kubeba abiria 600 na magari 180. Huchukua takriban saa nne kusafiri kilomita 97 kati ya Ludington, jimbo la Michigan, na Manitowoc, jimbo la Wisconsin. Kwa mji mdogo kama Ludington, wageni wanaoletwa na feri ni riziki ya wenye hoteli, mikahawa na maduka. Aidha, injini zake za mvuke ni za aina adimu mno, kiasi kwamba chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani, ASME, kilizitambua rasmi 1996 kuwa kumbukumbu ya uhandisi.

Hata hivyo, makaa ya mawe huacha majivu. Kwa miongo mingi majivu ya Badger yalichanganywa na maji na kumwagwa ziwani, zaidi ya tani 500 kila msimu. Majivu ya aina hii huwa na chembechembe za sumu kama vile zebaki, risasi na arseniki, ilhali ziwa hilo ndilo chanzo cha maji ya kunywa kwa takriban watu milioni 10.

Kwa muda mrefu sheria ya Marekani haikudai kibali kwa uchafu unaotokana na shughuli za kawaida za meli. Mambo yalibadilika 2008, pale Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, lilipotoa kanuni mpya baada ya uamuzi wa mahakama. Badger iliruhusiwa kuendelea kumwaga majivu, lakini hadi Desemba 19, 2012 pekee.

Hapo ndipo siasa zilipoingia. Mnamo Novemba 2011, Bunge la Wawakilishi lilipitisha kipengele ambacho kingeziondolea masharti hayo meli zilizotambuliwa, au hata zilizopendekezwa tu, kuwa turathi ya kitaifa. Ingawa kipengele hicho hakikuitaja Badger kwa jina, ni wazi kwamba kililengwa kuifaa. Seneta Dick Durbin wa Illinois alikuwa miongoni mwa waliopinga vikali kuongezewa muda kwa feri hiyo. Sheria ilipokamilika mwishoni mwa 2012, kipengele hicho hakikuwemo.

Waama, lau kingepita, neno turathi lingegeuzwa ngao ya kukwepa sheria. Umma ungeambiwa kwamba ili kuienzi historia, sharti uvumilie sumu katika maji yake. Turathi inayolindwa kwa njia hiyo hujitafutia maadui, na hatimaye hukosa wa kuitetea.

Suluhu ilipatikana mahakamani. Mnamo 2013, serikali na kampuni ya feri ziliafikiana kwamba kampuni ilipe faini ya dola 25,000, ipunguze majivu, na iache kabisa kuyamwaga ziwani kufikia mwisho wa msimu wa 2014. Mitambo ya kudhibiti uchomaji wa makaa iliwekwa, na kabla ya msimu wa 2015 kukafungwa mfumo wa kukusanya majivu ndani ya meli ili yapelekwe nchi kavu.

Kinaya ni kwamba hadhi ambayo wanasiasa walitaka kuitumia kama kinga ilikuja baadaye. Mnamo Januari 2016, mwaka mmoja na ushei baada ya kuacha kumwaga majivu, Badger ilitangazwa rasmi kuwa turathi ya kihistoria ya kitaifa. Haikupoteza injini wala tanuri zake. Kilichotoweka ni uchafu tu.

Wakosoaji watasema, na si bila sababu, kwamba serikali ililegea. Muda uliotolewa 2008 uliongezwa kwa misimu miwili, na ziwa ndilo lililoilipa gharama hiyo. Fauka ya hayo, moshi ungalipo, na katika enzi hii ya mabadiliko ya tabianchi, makaa ya mawe hayana watetezi wengi.

Njia mbadala inafahamika vyema Afrika Mashariki. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani 1913, iling'olewa injini za mvuke katika miaka ya 1970 na kutiwa za dizeli. Meli ilisalia, lakini sehemu ya historia yake ikaenda. Huenda Badger nayo ikakabiliwa na uamuzi kama huo siku moja, kwa kuwa injini zake ndizo hasa kiini cha thamani yake.

Hata hivyo, jambo moja limedhihirika. Julai 2023, kuharibika kwa njia ya kupakilia magari bandarini Ludington kulikatiza msimu mzima, jambo ambalo kanuni za mazingira hazikuwahi kulifanya. Sheria yenye tarehe mahususi, muda wa kutosha na adhabu inayotekelezwa haikuizamisha feri hiyo. Iliilazimisha kutafuta suluhu ambayo, bila shinikizo, pengine isingetafutwa kamwe.