Chuma cha mwilini nacho kiwe na cheti

Mfanyabiashara mdogo wa Nyanza-Lac anayevusha mawese kupitia Mugina kwenda Manyovu hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, mradi thamani ya mzigo isizidi dola 2,000. Ofisa wa forodha anajua mzigo umetoka wapi. Lakini mfanyabiashara huyohuyo, kama ana nyonga ya bandia, huvuka mpaka bila karatasi yoyote inayoeleza chuma alicho nacho mwilini.

Akianguka na pikipiki, paja likavunjika karibu na chuma hicho, karatasi hiyo ndiyo itakayotafutwa. Daktari lazima ajue kama nyonga ya bandia bado imeshika au imelegea. Ikiwa imeshika, mfupa hufungwa kwa bamba la chuma, skrubu na waya. Ikiwa imelegea, kwa kawaida hutolewa na kuwekwa nyingine ndefu zaidi.

Miezi ikipita mfupa usiunge, kazi huwa nzito zaidi. Huchunguzwa kwanza kama kuna vijidudu ndani, kisha huenda ukahitajika upasuaji mwingine na kupandikiza vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Vyuma vya viwanda mbalimbali hutaka zana tofauti. Daktari asiyejua aina ya chuma hulazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mgonjwa, pamoja na mtaji wake.

Upasuaji wa namna hii haufanyiki kila hospitali. Mgonjwa wa mwambao huu huenda Bujumbura, au huvuka mipaka hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, ibara ya 118, unahimiza nchi wanachama kubadilishana taarifa za afya. Burundi imo tangu 2007. Tunazitaka wizara za afya zikubaliane juu ya kadi moja, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, yenye tarehe ya upasuaji, hospitali, aina na saizi ya kiungo.

Kabla kadi hiyo haijaja, msomaji mwenye kiungo cha bandia aombe hospitalini stika ya chuma chake na picha ya eksirei, na avihifadhi pia kwenye simu. Paja likizidi kuuma unapokanyaga, au kovu likitoa usaha, usikande wala usivumilie. Funga duka, nenda hospitali.