Je, Furaha Ina Wingi?

Nimeomba nafasi katika jarida la chama chetu cha Kiswahili ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana kibaba chenyewe nitakitaja.

Chanzo cha makala haya ni binamu yangu. Yeye anasoma shule ya bweni, na likizo iliyopita alikuja kututembelea. Tulipokuwa tunapepeta mbaazi uani, alinitazama viatu vyangu vilivyokula vumbi akanipa pole. "Nyinyi wa kutwa mnateseka," akasema. "Kutembea, jua, halafu jioni kazi za nyumbani. Hivi kuna siku mnafurahi kweli?"

Nilicheka tu, nikanyamaza. Hata hivyo, swali lile lilinikaa kama mwiba wa mgunga. Usiku nilichukua daftari nikaanza kuandika vitu vilivyonifurahisha wiki ile. Nilidhani nitapata viwili vitatu hivi. Nilipofika cha kumi na tatu usingizi ukanichukua, kalamu mkononi!

Sitaki kuwadanganya. Mimi mwenyewe niliwahi kuionea haya shule ya kutwa. Nilifanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2023, ule wa mwisho kabisa wa KCPE, nikaitwa shule ya bweni. Barua niliiweka chini ya mto nikailalia kama pesa. Lakini mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kavu za nchi yetu. Mbuzi wa baba walikwisha, wengine kwa kufa na wengine kwa kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mvua iliporudi ilinyesha kwenye zizi tupu. Sasa karo ya bweni ingetoka wapi? Nililia siku mbili. Mama akaniambia, "Mwanangu, shule ni mwalimu na kitabu. Kitanda unacho hapa." Wakati huo niliona ananituliza tu. Leo ninaona kwamba alikuwa na lake la kusema, na kwamba wahenga pia walikuwa na lao waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Hebu sasa niwafungulie daftari lile. Sitasoma vitu vyote kumi na vitatu, la sivyo Mhariri atanifukuza.

Kwanza kabisa ni njia. Kutoka kwetu hadi shuleni ni mwendo wa karibu saa nzima. Tunatoka nyumbani giza halijaisha, na kanga wanaanza kupiga kelele vichakani. Tunangojana chini ya mgunga mmoja mkubwa mpaka tutimie. Halafu Kilima cha Kivaa kinaanza kuonekana kidogo kidogo, kwanza cheusi, halafu cha samawati, mwishowe unaona hata njia za mbuzi. Njiani tunaulizana ngeli. Mmoja anatamka nomino, wengine wanajibu kwa pamoja. "Maji!" "YA-YA!" "Ukuta!" "U-ZI!" Anayekosea anabeba begi la mwenzake mpaka mtoni. Si ati najisifu, lakini begi la mtu silibebi mara nyingi.

Siku moja mmoja wetu alitamka, "Furaha!" Tukajibu, "I-I!" Yaani ni kama sukari na amani, haina wingi wala haihesabiki. Tukapita. Lakini mimi nilijiuliza moyoni, mbona yangu nilihesabu mpaka kumi na tatu?

Pili ni maji. Mtu wa mjini akifungua mfereji hafurahi, anaosha mikono tu. Sisi hapa tunajua thamani ya mtungi wa lita ishirini. Wakati wa kiangazi ndugu yangu mdogo hutoka na punda, na mahali pengine huwa ni kuchimba mchanga wa mto uliokauka na kungoja maji yajikusanye shimoni. Basi siku ninayorudi jioni nimechoka, nimwone yule punda amesimama kivulini bila mzigo na mitungi minne imejaa mlangoni, wee! Siwezi kueleza. Ninajimwagia maji usoni na vumbi la siku nzima linaondoka. Ndugu yangu hukaa hapo akijifanya hanitazami, kumbe anangoja nimwambie asante.

Tatu ni muthokoi. Hapa binamu yangu hana la kujibu. Chakula cha shule hupakuliwa kwa foleni, na ukichelewa shauri yako. Cha nyumbani hukungoja. Mahindi yamekobolewa, yamechemshwa na mbaazi mpaka yakalainika, kisha mama akakaanga kitunguu, na harufu inakupokea ukiwa bado njiani. Ukifika unakuta sahani yako imefunikwa kwa sahani nyingine. Mtu alikukumbuka ulipokuwa hupo. Mimi naona hiyo sahani ya juu ndiyo hunifurahisha zaidi ya ile ya chini.

Nne, na hiki ndicho nilichokiandika kwa herufi kubwa, ni taa na susu wangu. Susu ni nyanya yetu, mama wa baba. Mnajua kwamba Mto Tana hauko mbali nasi. Bwawa la Kamburu lilianza kutoa umeme mwaka wa 1974, Gitaru likafuata mwaka wa 1978, na bwawa kubwa la Masinga likakamilika mwaka wa 1981. Susu anakumbuka nguzo za chuma zilivyosimamishwa. Nyaya zilipita juu zikipeleka umeme mbali, huku chini yake watu wakiwasha koroboi. Kwetu nyumbani taa iliwaka mwaka jana tu. Susu aliitazama, akauliza, "Ni ile ile iliyopita hapa nikiwa na nguvu zangu?" Baba akamjibu kuwa ndiyo. Akasema, "Basi imekumbuka njia."

Susu hakupata nafasi ya kusoma. Maisha yake yote alisuka vyondo vya mkonge akauza sokoni, na ndivyo alivyomsomesha baba. Siku hizi macho yake yamefifia. Bado anasokota kamba juu ya paja lake, lakini rangi za nyuzi hazioni vizuri, inabidi aniulize. Basi jioni mimi humsomea riwaya tunayosoma darasani. Nasoma sentensi kwa Kiswahili, halafu natafsiri kwa Kikamba, naye anasokota huku akisikiliza. Juzi alinisimamisha. "Na mama yake huyo kijana alikuwa wapi wakati huo wote?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nililiuliza swali lile lile darasani. Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha darasa zima likajadiliana mpaka kengele ikalia. Nilipomweleza susu kwamba swali lake limefundisha kidato cha tatu kipindi kizima, alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Je, ningekuwa bwenini ningeupata wapi mchana kama ule na jioni kama ile?

Ningeweza kukomea hapa, nanyi mngesema makala ni tamu. Lakini ningekuwa nimewaficha nusu ya habari, na ndio sababu hasa ya kuandika.

Njiani tulikuwa sita. Sasa tuko watano. Yule wa sita ndiye aliyekuwa bingwa wa ngeli kuliko sisi sote, na ndiye aliyetuchekesha mpaka tunasahau kilima tunachopanda. Saa ya chakula cha mchana alikuwa na mazoea ya kukaa karibu na tangi la maji. Tukimwita alisema hasikii njaa, eti amekula kiamsha kinywa cha ndovu. Tulicheka. Kila siku tulicheka. Muhula uliopita akaacha kuja chini ya mgunga. Tulimngoja siku tatu, halafu tukaacha kungoja. Baadaye nilimkuta sokoni akipakia magunia kwenye lori. Nikamwuliza mbona hakutuambia kwamba pesa za chakula zimemshinda. Alijipangusa jasho, akajibu, "Mlikuwa mnacheka. Sikutaka kuwaharibia."

Wenzangu, nilirudi nyumbani siku ile na sahani yangu ikanishinda kumaliza.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Wapo watu wasemao kwamba maskini asizungumzie furaha, kwamba tukisifu muthokoi na maji ya punda tunajidanganya tu ili tusione shida. Mimi siwaungi mkono. Mtu mwenye shida asipoona lolote la kumfurahisha atavunjika moyo mapema, na mwanafunzi aliyevunjika moyo hasomi. Wapo pia wasemao kinyume, kwamba ridhika na ulichonacho, usinung'unike, furahi tu. Hao nao siwaungi mkono, kwa sababu ya yule mwenzetu wa sita. Kicheko chetu kilikuwa kizuri, lakini kilifunika njaa ya mtu kama jivu linavyofunika makaa.

Nimelipitia tena daftari langu na nimegundua jambo moja. Kila nilichokiandika kina mtu nyuma yake. Maji yana ndugu yangu na punda wake. Muthokoi una mama. Taa imekuja kwa baba aliyelipia nyaya kidogo kidogo. Hata njia ina wale wanaoningoja gizani bila kunilalamikia. Hakuna hata kimoja kilichoanguka kutoka mbinguni. Na kama cha kwangu kimetengenezwa na mtu, basi cha mwenzangu pia kinahitaji mtu wa kukitengeneza, na huenda mtu huyo ni mimi.

Jambo hili si geni kwetu Wakamba. Susu husimulia habari za mwethya, yale makundi ya majirani waliofanya kazi kwa zamu. Leo wako shambani kwa huyu, kesho kwa yule, huku wakiimba. Matuta mengi yanayozuia udongo kwenye miteremko ya Machakos yalichimbwa kwa mikono ya namna hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake wenye majembe na nyimbo tu. Waliimba, ndiyo. Lakini waliimba wakiwa wanachimba, na jirani aliyeumwa shamba lake halikuachwa.

Basi napendekeza mambo matatu.

La kwanza ni letu sisi wanafunzi. Ukimwona mwenzako saa ya chakula amekaa peke yake anafanya mzaha, usicheke tu ukapita. Kaa naye na umwulize mara ya pili, maana mara ya kwanza kila mtu husema hana neno.

La pili nawaomba wazazi wetu kwa heshima zote. Kazi za nyumbani hatuzikatai, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini tafadhali tuachieni saa moja ya jioni kwa ajili ya vitabu, hasa wasichana. Kama kuna mzee nyumbani asiyesoma, mwacheni mtoto asome kwa sauti karibu naye. Watafaidika wote wawili.

La tatu ni la chama chetu cha Kiswahili. Nimesema nitataja kibaba. Napendekeza kila mwanachama alete kibaba kimoja cha maharagwe, mbaazi au mahindi mwanzoni mwa kila muhula. Chakula hicho kikabidhiwe walimu wetu, wao wenyewe waamue ni nani anakihitaji, na majina yasitajwe kwenye gwaride. Kibaba kimoja hakimshindi mtu wa hapa, hasa baada ya mavuno. Methali tumeikariri tangu shule ya msingi. Mbona tusiijaze?

Sijui kama mwenzetu atarudi. Ninachojua ni kwamba siku za soko sisi watano tunampelekea madaftari yetu, naye huyanakili usiku na kuyarudisha. Wiki jana nilipoyapokea nilikuta amesahihisha jibu langu moja la ngeli kwa kalamu nyekundu, na kando yake ameandika, "Beba begi." Nilisimama katikati ya soko nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Nikatoa daftari langu lile la usiku, nikaongeza kitu cha kumi na nne.

Walimu wetu, msiwe na wasiwasi. Katika mtihani nikiulizwa furaha iko ngeli gani, nitaandika I-I na nitapata alama yangu. Lakini nje ya mtihani mniruhusu nikosee kidogo. Furaha zina wingi, na nyingi kati yake bado hazijatengenezwa.

Kalamu yangu naiweka chini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu