Nani Kasema Uzaramo Haikupigana?

Kila ifikapo Februari 27 macho ya nchi huelekea Songea, na Wangoni wana haki nayo. Siku hiyo mwaka 1906, katika vita ya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wao kwa makumi, na makumbusho yaliyojengwa pale yanawaheshimu inavyostahili. Ninalolipinga ni imani iliyoota pembeni ya heshima hiyo: kwamba Majimaji ilikuwa vita ya Kusini, na kwamba Wazaramo ni watu wa ngoma za mdundiko na mkole waliokaa kando huku wenzao wakifa. Kauli hii utaisikia kwenye vijiwe vya Kibaha. Utaisikia Kisarawe pia, kutoka kwa vijana ambao babu zao waliukimbia moto wa vita hiyohiyo na watoto mgongoni. Hapo ndipo inapouma.

Ni uongo, na ramani peke yake inatosha kuuonyesha. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya vita, aliishi Ngarambe na akanyongwa Mohoro, Agosti 4, 1905. Ngarambe na Mohoro ziko Rufiji, na Rufiji ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkoa ambao makao makuu yake ni Kibaha. Maji yaligawiwa nyumbani kwetu kabla hayajafika Ungoni. Mwezi huohuo wa Agosti vita ilikuwa imeshaingia Uzaramo.

Tena chanzo cha vita kilikuwapo hapa tangu zamani. Mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen iliamuru kila jumbe alimishe shamba la pamba la kijiji, na vijiji vya kuzunguka Dar es Salaam, yaani Uzaramo, vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuonja amri hiyo. Watu walilima kwa kusukumwa, na malipo ya mwisho wa msimu yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Kibasila, jumbe wa Kisangire, aliyajua mashamba hayo na mateso yake. Aliingia vitani, na Wajerumani wakamnyonga.

Leo Kibasila ni nani? Ni shule ya sekondari Temeke. Ni jengo la wodi Muhimbili, ambako ndugu wa mgonjwa huulizana kama amelazwa Kibasila, Mwaisela au Sewahaji. Jina hutamkwa kila siku, na wengi wanaolitamka hawajawahi kuambiwa kwamba ni la mtu aliyekufa kwa kuikataa pamba ya Wajerumani.

Imani kwamba Uzaramo haikupigana ina dada yake, nayo ni mbaya zaidi: kwamba mashujaa wa vita ni wale tu walioshika mkuki au kupandishwa kitanzini. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu jinsi Majimaji ilivyozuka Uzaramo, na humo tunakutana na wanawake. Wanaume walitolewa vijijini kwenda kufanya kazi za mkoloni. Sheria za misitu na uwindaji zikawafunga mikono waliobaki. Nguruwe pori wakamaliza mazao. Mama aliyekesha shambani akiulinda mtama alikuwa vitani kabla risasi ya kwanza haijalia. Kisha jeshi la Götzen likachoma ghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000 katika nchi nzima. Gilbert Gwassa, mtafiti wa hapa nyumbani, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuwa wapiganaji. Nataka Uzaramo ijengewe mnara wa mashujaa wake, lakini mnara wowote utakaowaacha hao nje utakuwa umewakumbuka wachache tu kati ya waliokufa.

Wapo watakaosema kuna majumbe wa Kizaramo waliobaki upande wa Mjerumani. Kweli, walikuwapo. Kule Ulanga, chifu Kiwanga naye aliwaunga mkono Wajerumani, wala sijasikia mtu akiifuta Mahenge kwenye historia ya Majimaji kwa sababu hiyo. Kwa nini kipimo kigeuke kikifika kwetu?

Wengine wanasema mnara haulishi mtu, tuchimbe visima kwanza. Visima vichimbwe, ni haki ya wananchi. Lakini Waingereza waliisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, miaka tisa tu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kwisha, ili waliowapigania wasisahaulike. Kibaha yenyewe imetoa ardhi ya Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Ni jambo jema. Mkoa unaoweza kuwaenzi wapiganaji wa Msumbiji na Namibia hauwezi kusema hauna nafasi kwa wa Kisangire na Maneromango, hapahapa Uzaramo.

Na muda unatuacha. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini mwaka 1968 kukusanya simulizi za Majimaji, waliwakuta wazee walioiona vita kwa macho. Hao hawapo tena. Wamebaki wajukuu, nao wanauza mashamba. Kisarawe inapimwa viwanja, Kwala ina bandari kavu na inajengwa viwanda, reli mpya imepita Soga na Ruvu. Kaburi lisilo na alama halimzuii dereva wa tingatinga.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za Kisarawe na Kibaha zianze na majina kabla ya saruji. Wakae wazee wa kila kata na walimu wa historia, waandikwe waliokufa, wanaume kwa wanawake, pamoja na mahali walipolala. Orodha hiyo isomwe hadharani Julai 25 ijayo, Siku ya Mashujaa, na mnara ujengwe juu yake. Nawe msomaji, kama bibi yako angali hai, kamuulize wiki hii, uandike atakachokwambia.