Tuta, Gari la Chini na Sentimita Tisa

Mlio wenyewe ukiusikia mara moja huusahau. Chuma kinakwaruza zege, kishindo kifupi kinapita chini ya miguu ya abiria, kisha ngurumo ya injini inageuka ghafla na kuwa nzito kama ya trekta. Bomba la ekzosi limegonga tuta na kuachia kwenye kiungo. Nilikuwa kiti cha nyuma cha Crown ya mpwa wangu hilo lilipotupata, mtaa wa ndani hapa Dar es Salaam. Tulikuwa watu wanne. Akiwa peke yake, mpwa wangu alipita juu ya tuta lile kila siku na bomba halikuwahi kuachia.

Hukumu zilitolewa kabla hatujashuka. Mzee aliyekaa barazani alisema magari ya kushushwa yapigwe marufuku, maana yanaziba njia na kuwatia watu wazimu kwa makelele. Kijana wa chipsi akamjibu kwamba gari halina kosa, kosa ni la tuta lililojengwa kama ukuta. Mabishano haya nimeyasikia mara nyingi, na kila upande una haki yake. Lakini sijawahi kuona mtu akichukua tepu na kupima.

Sisi tulipima, tukiwa gereji. Fundi alipoliinua gari kwa jeki, bomba lilikuwa na mikwaruzo inayong'aa sehemu tatu: kwenye flanji ya kuungia, chini ya sailensa ya kati, na pale bomba linapopinda kuelekea nyuma. Boliti za flanji zilikuwa zimelika hadi vichwa vimekuwa duara. Springi za nyuma zilikatwa kwa grainda na mtu mwingine, mzunguko mmoja kila upande. Kibaya zaidi, bomba la awali lilikuwa limebadilishwa kwa lingine la inchi tatu ili gari liwe na sauti, na bomba hilo jipya lilining'inizwa kwa raba zilezile za zamani. Ukitoa bomba la inchi mbili ukaweka la inchi tatu bila kulipandisha juu, umepoteza sentimita mbili na nusu hata kabla hujaigusa springi.

Wengi wanaoshusha magari wanahesabu pengo la tairi na ubavu wa gari, kwa kuwa ndilo linaloonekana barabarani. Bomba halionekani. Limefungwa kwenye bodi, kwa hiyo bodi ikishuka sentimita nne nalo linashuka nne, wakati mikono inayoshika magurudumu inabaki karibu palepale ilipokuwa. Gari la Kijapani la saluni huja na takribani sentimita 15 chini yake. Toa nne za springi, toa mbili na nusu za bomba nene, kisha pakia watu wanne, nyuma ikazama sentimita tatu. Kinachobaki ni kama upana wa vidole vitatu. Na springi iliyokatwa haishuki tu, inakuwa ngumu pia: ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi ukabakiza mitano, ugumu wake unapanda kwa sehemu moja ya tano, na shokapu iliyotengenezwa kwa springi ndefu haijui tena ifanye nini.

Magari haya yanatoka nchi yenye sheria ya jambo hili. Japani inataka gari likiwa tupu libakize walau sentimita 9 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa, na hilo hukaguliwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken, unaofanywa gari jipya likifikisha miaka 3 na baada ya hapo kila miaka 2. Kwa hiyo kijana wa Osaka anaweza kulishusha gari lake apendavyo, ila tisa hazivunjwi. Utamaduni wa kushusha umetufikia pamoja na magari. Kipimo kimebaki bandarini huko.

Naujua utetezi wa upande wa pili: barabara za Japani si za kwetu. Ni kweli, na hapa ndipo mzee wa barazani anapaswa kumsikiliza kijana wa chipsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa barabara wa Uingereza walibuni tuta lenye umbo la upinde, urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo kisichozidi sentimita 10. Dereva analazimika kupunguza hadi kama kilomita 30 kwa saa. Sasa chukua Crown, ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yametengana mita 2.85. Inapokuwa katikati ya tuta hilo, magurudumu yote manne bado yamesimama juu ya mteremko wa tuta, yameinuliwa kama sentimita nne. Tumbo la gari linahitaji nafasi ya sentimita sita hivi tu. Gari la sentimita tisa linapita, mradi dereva aende taratibu.

Geuka uangalie tuta la mtaani kwetu: upana wake hauzidi hatua moja, kimo kama sentimita 13. Magurudumu ya mbele yakishashuka, ya nyuma hayajapanda. Gari lote limesimama bapa, na tuta zima liko katikati, likisubiri bomba. Hapo gari linahitaji sentimita 13 kamili. Tuta fupi la kimo kile linaumiza magari ambayo hayajashushwa kabisa, teksi na magari ya kubebea wagonjwa yakiwemo. Na mwenye gari la chini hulikata kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, akiingia upande wa bodaboda anayekuja.

Hata hivyo simuungi mkono anayetaka matuta yaondolewe. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Dar es Salaam ni mmoja wa miji ambako mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya WRI Ross. Mtaa uliozika mtoto ukaamua kumwaga zege usiku mmoja, mimi sina neno la kuuambia. Ninachodai ni kwamba wakala za barabara, TARURA na TANROADS, wawahi kufika kabla ya zege hilo, na wakifika wajenge tuta refu lenye upinde, walipake rangi, waweke na alama mbele yake. Zege litaongezeka. Kazi ya kupunguza mwendo itafanyika ileile.

Na kwa wenye magari nadai kipimo kama cha Japani, ila kikali zaidi: sentimita 9 chini ya bomba, viti vyote vikiwa na watu. Gari tupu halimdanganyi mtu mwingine ila mwenyewe, na anayelipa ni abiria. Bomba likipasuka mbele ya sensa ya oksijeni, sensa hupima hewa ya nje, injini inaongezewa mafuta isiyoyahitaji. Likipasuka chini ya viti, kaboni monoksaidi inaweza kupenya ndani, gesi isiyo na rangi wala harufu, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya AC. Masega ya kisafisha moshi (catalytic converter) kilichomo kwenye bomba nayo kwa kawaida ni kauri. Yakipigwa vizuri yanavunjika vipande na kuziba njia ya moshi.

Kazi ya kulinda bomba si ngumu kwa fundi anayeijua. Yule wetu alikata flanji ya chini, akachomelea kiungo kilichogeuzwa pembeni ili boliti zisielekee lami. Sailensa ya kati akaipandisha ndani ya mfereji wa bodi na kuikinga na bati la kuzuia joto. Sehemu inayopita karibu na ekseli akaweka bomba lililobanwa umbo la yai, akaacha nafasi ili ekseli ikipanda isiligonge kutoka juu. Springi zilizokatwa alizitupa, tukanunua fupi zilizotengenezwa fupi, pamoja na shokapu zake.

Jioni, kabla ya kulipa, mpwa wangu aliwaomba vijana watatu wa gereji waingie garini pamoja naye. Fundi akalala chini na tepu. Sentimita tisa na nusu. Mpwa wangu alikuwa na mpango wa kushusha nyingine mbili. Alishuka, akachungulia mwenyewe, akasema basi, iache hapo.